Hongera Iliyotumwa Msibani

Mwalimu Costancia hakuwa mtu wa kusema hongera. Miaka ishirini na sita amefundisha cherehani pale Kilosa mjini, katika chuo kidogo cha vyumba viwili nyuma ya duka la mbolea, na wanafunzi wake wote, hata wale wa mwanzo ambao sasa ni bibi za watu, watakuambia neno lake lilikuwa moja: fumua. Umeshona sketi, umeipiga pasi, umeikunja kama zawadi, unampelekea. Anaigeuza nje ndani, anapitisha ukucha kwenye mshono, anakurudishia. "Fumua." Hapandishi sauti wala hakutukani. Unaondoka umejitukana mwenyewe.

Alizaliwa Kimamba, kwenye nyumba za mkonge. Babu yake alikuwa Mnyamwezi, aliletwa na treni kutoka Tabora kuja kukata mkonge, mkataba ukaisha, mkonge nao ukaisha, yeye akabaki. Mama yake alikuwa anaziba magunia kwa sindano kubwa, na Costancia alianzia hapo, kwenye magunia, akiwa na miaka saba. Ndiyo maana mimi namsamehe ukali. Mtu aliyejifunza kushona kwenye gunia hawezi kukuonea huruma wewe unayehangaika na satini.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili yalipotokea haya ninayoyaandika. Mfupi, mkavu, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Mimi naitwa Magreti, wa Ulaya, kijiji chetu huku huku Kilosa na si ile ya Wazungu, nilikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa ukubwani, na mdomo uliosoma yale maneno msibani ni huu huu wangu. Mpaka leo nikikumbuka nausikia umekauka.

Ilianza na mvua, zile zilizokula barabara na daraja, mto ukaingia mpaka vyumbani mwa watu. Sisi wa mbali tukashindwa kufika chuoni. Bwana Jastin, mkuu wa chuo, akatangaza kwamba masomo yataendelea kwa simu. Tukachekana. Cherehani kwa simu? Si bora waseme tuoge kwa barua? Lakini yakafunguliwa makundi matatu ya wasapu, la Dumila, la Mikumi na letu la Ulaya. Wanafunzi sabini na mmoja. Mwalimu mmoja.

Na huyo mmoja simu yenyewe aliijua ukubwani. Wiki ya kwanza alitutumia picha tisa za kidole chake. Lakini Costancia si mtu wa kushindwa na kitu chenye waya au kisicho na waya. Alituambia, "Darasani nilikuwa naweka vidole viwili juu ya mkono wako, najua kama unaiogopa mashine au unaidharau. Sasa nitaweka nini?" Akaamua kwamba ataweka sauti. Kila aliyetuma picha ya mshono alijibiwa kwa sauti, kwa jina lake, peke yake.

"Naomi, pindo lako limelewa. Fumua. Na huyo mtoto anayelia hapo nyuma mpe uji kwanza, mshono hautakimbia."

Wanawake wanane wa Ulaya tulikuwa tunakutana barazani kwa Bi Joha, tunafungulia spika, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Ukimsikia utadhani yuko pale pale, amekaa kwenye kigoda, anakuangalia kwa juu ya miwani.

Bi Joha ndiye alikuwa mkubwa wetu. Miaka sabini, mwenyeji wa pale tangu enzi za babu zake, Msagara, na hakuna mtu wa Ulaya anayempita bila shikamoo. Alikuwa na cherehani ambayo mumewe, mzee Hussein, alimnunulia wakiwa bado vijana, na kwa miaka yote hiyo hakuvuka kupinda kanga. Mzee Hussein alikuwa anamchokoza. "Mashine yangu imezeeka ikiwa bikira," anasema, na Bi Joha anamrushia kandambili. Ndiyo sababu alijiunga. Alitaka kumshonea mumewe kanzu. Moja tu, kwa mkono wake, aivae akiwa hai. Kusoma ujumbe kwenye simu macho yalikuwa hayamruhusu, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa namwandikia na kumsomea.

Sasa hesabu mwenyewe. Watu sabini na mmoja, kila mtu picha mbili tatu kwa siku, na maswali juu. Mwanamke wa Mikumi anaandika kwamba amechelewa kutuma kwa sababu tembo wamelala shambani kwake, naye anataka jibu. Na pale mjini kuna wanafunzi wanaofika chuoni kwa miguu, asubuhi mpaka alasiri, hao nao wanamtaka mzima mzima. Mwalimu alijibu akisonga ugali. Alijibu akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Jumapili moja alitoka kanisani katikati ya mahubiri kwenda kumwambia mtu wa Dumila kwamba kola haikai hivyo. Mwishowe sauti ikakatika. Wiki nzima tulikuwa tunasikia kama paka anayekwaruza mlango.

Sisi tulimwambia pole, apumzike. Lakini mtu mmoja wa Dumila, simtaji, akaandika ofisini: siku ya pili leo sijajibiwa, mwalimu hayupo. Bwana Jastin akamwita Costancia. Kila mwanafunzi ajibiwe siku hiyo hiyo, la sivyo makundi yote matatu atapewa mtu mwingine.

"Uwepo, mwalimu," alimwambia. "Mwanafunzi aone upo. Basi."

Haya yote alikuja kunisimulia yeye mwenyewe baadaye, na hata alivyofika kwa Donati, fundi simu wa pale stendi.

"Mama, wanakuandikia nini sana?" Donati akamuuliza.

"Shikamoo mwalimu. Halafu picha."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Fumua."

"Hapana, mama. Simu haiwezi kumwambia mtu afumue kitu ambacho haijakiona. Tuweke neno lisilomkosea mtu."

Wakaweka neno lisilomkosea mtu. Yeyote atakayemwandikia mwalimu peke yake, simu itamjibu hapo hapo: *Marahaba. Kazi yako nimeiona, ni nzuri, hongera sana! Endelea hivyo hivyo.* Donati akaongeza moyo mwekundu kwa hiari yake. Costancia alidhamiria iwe wiki moja tu, sauti irudi, kisha azipitie picha zote. Lakini kazi usipoishika inakua kama magugu ya masika. Picha zikawa mia, zikawa mia tatu. Kila akifungua simu anaogopa, anaifunga. Wiki moja ikawa tatu.

Kule Ulaya sisi hatujui hili wala lile. Tunachojua ni kwamba siku moja Naomi alikuja mbio na simu juu, kanga inamdondoka.

"Nimeambiwa hongera! Na Mama Fumua! Na moyo ameniwekea!"

"Uongo."

"Someni wenyewe!"

Tukasoma. Tukatazamana. Miaka yote hiyo, na leo Costancia anampa Naomi moyo? Nikatuma na mimi suruali yangu ya mtoto ambayo, kusema kweli, ilikuwa na mguu mmoja wa baba yake. Hongera sana. Ilinishtua, lakini sifa ni tamu, nani ataikataa? Nikajiambia mwalimu amelainika, labda uzee, labda wokovu. Wote wanane tukapewa hongera, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza. Wajinga sisi, na mjinga wa kwanza ni mimi.

Bi Joha wakati huo amefika kwenye kukata kanzu. Alikuwa amenyoosha kitambaa mkekani, chaki mkononi, na kitu kimoja kinamkwaza. Kuna kile kipande kidogo kinachowekwa chini ya mkono wa kanzu, kikwapa, ili mtu akiinua mkono kitambaa kimfuate. Hakuwa na uhakika.

"Magreti, mwandikie mwalimu. Muulize kikwapa nikiweke, au nikate moja kwa moja hivi nilivyochora? Mwambie naogopa."

Nikaandika. Shikamoo mwalimu, ni Magreti, namwandikia Bi Joha, kikwapa akiweke au akate moja kwa moja, mwenyewe anaogopa. Na picha. Kabla sijaiweka simu yake chini, jibu hilo.

"Anasema kazi ni nzuri, hongera, uendelee hivyo hivyo."

"Hivi nilivyochora? Bila kikwapa?"

"Ndivyo alivyosema."

Bi Joha akashika mkasi. Akakata.

Ijumaa mzee Hussein akaivaa. Kwa kuitazama ilikuwa nyeupe safi, imenyooka, na mzee alitembea kijiji kizima kabla ya kwenda msikitini ili kila mtu amuulize nani kamshonea. Akafika, akasimama kwenye safu, akainua mikono kuanza sala, na kwapa la kulia likapasuka paa! Imamu mwenyewe alisikia. Mzee alirudi nyumbani mkono umebanwa ubavuni kama jogoo aliyevunjika bawa. Bi Joha akamuuliza kulikoni.

"Mwalimu amesema hongera, mimi nani nibishe?" mzee akamjibu. "Labda nimenenepa."

Miaka sabini na sita, mwembamba kama fito ya dari, anasema amenenepa! Bi Joha alicheka siku ile. Ila kanzu aliikunja akaiweka chini ya mto, na hakutuma tena picha.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, asubuhi, mzee Hussein alikunywa uji, akaomba maji, na maji yalipoletwa alikuwa ameshaondoka.

Ulaya nzima ikahamia pale. Wanaume nje chini ya turubai, wanawake ndani na barazani kwenye mikeka, mazishi saa kumi. Na watani nao hawakuchelewa. Kwetu Wanyamwezi na Wasagara ni watani toka zamani, na msiba wa mtani wao ndio uwanja wao. Mzee Kasiani, Mnyamwezi wa kambi ya mkonge, alikuwa ameshajivika kofia ya marehemu, amekaa mlangoni na ungo mapajani. "Hapa hakuna kulia bure! Marehemu ameniachia nyumba, mke, na deni la tumbaku!" Watu wanalia, wanacheka, wanalia tena. Ndiyo dawa yetu. Bila watani moyo ungepasuka.

Bi Joha yuko katikati ya wanawake, kanga kichwani. Akanigusa goti.

"Magreti. Mwandikie mwalimu. Asije akasikia barabarani."

Nikachukua simu yake. Nikaandika: Mwalimu, habari nzito. Mume wa Bi Joha, mzee Hussein, amefariki asubuhi hii. Tunazika saa kumi. Nikatuma. Simu ikalia pale pale.

"Amejibu?" Bi Joha akauliza. "Nisomee."

Ee Mungu wangu. Wanawake wote walikuwa wamenyamaza kusikiliza mwalimu anasemaje. Na mimi, kwa mazoea ya kumsomea kila siku, nikafungua mdomo na kusoma kwa sauti kabla akili haijanifikia.

"Marahaba. Kazi yako nimeiona, ni nzuri, hongera sana! Endelea hivyo hivyo."

Hata mtoto wa Naomi aliyekuwa ananyonya aliacha. Nilitamani mkeka unimeze na simu ile na ulimi wangu. Mwanamke mmoja akashika kifua. Mwingine akasema, "Amesemaje? Endelea kufanya nini?" Bi Joha aliniangalia tu, kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemwona.

Na hapo ndipo mlangoni kulipolipuka kicheko. Kasiani!

"Huyo ni wetu!" akapiga ungo. "Costancia wa Kimamba, mjukuu wa Mnyamwezi mwenzangu! Mtani huyo! Mmeona? Yuko Kilosa lakini utani ameutuma kwa simu! Kuua Msagara ni kazi nzuri, hongera sana, endelea hivyo hivyo!"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha kupona. Kumbe utani! Loo, Mwalimu mkali! Ndani, nje chini ya turubai, maneno yakarudiwa na kurudiwa. Hata Bi Joha nikaona kanga inatikisika mabegani, na sikuweza kujua ni kicheko au kilio. Watu wakamsifu Costancia kwa utani uliokomaa.

Mimi sikucheka. Tangu lini Costancia akafanya utani? Na ile marahaba? Bi Joha ana miaka sabini, Costancia ndiye humwamkia kila siku. Mtani anaweza kukutania mke, nyumba na maiti, lakini utani una mwanzo wake na mwisho wake, hauanzi kwa kumwitikia marahaba mtu aliyekuzidi umri, ambaye hata hakukuamkia. Nikaenda nyuma ya jiko, nikampigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Magreti. Habari za Ulaya?" Sauti ya kila siku, kavu. Nyuma nasikia mashine zinakwenda.

"Habari gani, mwalimu? Umemjibu nini Bi Joha?"

"Nimemjibu lini?"

"Sasa hivi. Nimekuandikia mumewe amekufa, umesema hongera, endelea hivyo hivyo. Nimeisoma mbele ya waliofiwa!"

Mashine zikaendelea kwenda.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Nikasikia kitu kimeanguka upande wake, mkasi nadhani. Kisha akaniambia yote kwa pumzi moja, Donati, stendi, neno lisilomkosea mtu. Mimi nimesimama pale nyuma ya jiko, moshi unaniingia machoni, na nilichokuwa nakiwaza ni suruali yangu yenye mguu wa baba. Hata yangu hakuiona! Wiki tatu tunafurahia sifa za mtu ambaye hayupo!

"Mwalimu, nisikilize," nikamwambia. "Kasiani amekuokoa. Watu wote wanajua ni utani. Wewe njoo, vaa kofia ya marehemu, piga kelele kidogo, yaishe. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi, na mimi nitakaa kimya."

"Nakuja," akasema.

Alifika saa nane na nusu kwa bodaboda, matope mpaka magotini, kwa sababu mtoni alivuka kwa miguu. Watani wakamwona kwa mbali. "Mtani! Mtani wa simu!" Kasiani akamvika kofia ya marehemu hapo hapo, akampa ungo, wanawake wakapiga vigelegele vya mzaha. Kila mtu ameshafungua mdomo tayari kucheka. Nikashusha pumzi. Nikajisemea, amepona huyu.

Akaivua kofia. Akamrudishia Kasiani kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu mpaka kwa Bi Joha, akapiga magoti.

"Shikamoo, Bi Joha."

"Marahaba, mwanangu. Umefika. Utani wako umetuchekesha."

"Haukuwa utani."

Nilitaka kumziba mdomo. Wallahi, japo mimi Mkristo, niliapa moyoni.

"Sikuandika mimi," akaendelea. "Ni simu. Niliitegesha ijibu watu wote maneno hayo. Nilielemewa, nikaogopa kunyang'anywa darasa. Habari ya mzee sikuiona mpaka Magreti aliponipigia."

Kicheko chote kilichokuwa tayari midomoni kikaganda. Kasiani alisimama na ile kofia mkononi, hajui aivae au aitupe.

"Mtani gani wewe?" akamkemea kwa sauti ya chini. "Mimi nakujengea daraja, wewe unalibomoa uko katikati!"

Bi Joha aliteremsha kanga kichwani ili amwone vizuri.

"Kwa hiyo hata ile marahaba. Mimi, na uzee wangu huu, nimeitikiwa marahaba na simu?"

"Ndiyo, Bi Joha."

"Na zile hongera za wiki tatu?"

"Simu."

"Kwa hiyo wiki tatu nilikuwa naongea na nani?"

Naomi akaruka, "Atoke huyu! Anakuja kututia kinyaa kwenye msiba!" na wengine wakaitikia, atoke, atoke. Nikaona jambo limefika mwisho wake. Ulaya ikimkataa, na Mikumi watasikia, na Bwana Jastin atapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Miaka ishirini na sita inaishia kwenye mkeka wa msiba. Na anayepaswa kusema neno ni mmoja tu.

"Kaa," Bi Joha akasema. "Tuzike kwanza."

Saa kumi wanaume wakabeba jeneza, wakaenda. Sisi wanawake tukabaki na ule utupu unaobaki nyumbani jeneza likishatoka. Hakuna aliyezungumza na mwalimu. Alikaa ukingoni mwa mkeka kama mgeni asiyekaribishwa maji. Kisha Bi Joha akaniagiza chumbani, chini ya mto.

Nikaleta kanzu. Akamwekea Costancia mapajani.

"Angalia."

Mwalimu akavaa miwani. Akaigeuza nje ndani. Akapitisha ukucha pindoni, shingoni, begani. Akafika kwapani, pale palipochanika, akaacha.

"Pindo ni zuri," akasema polepole. "Shingo nzuri. Lakini Bi Joha, umesahau kikwapa."

"Sikusahau. Nilikuuliza."

Mwalimu akaniangalia mimi. Nikafungua simu ya Bi Joha, nikapandisha juu, nikampa. Akasoma swali langu. Akasoma mwisho wa swali, *mwenyewe anaogopa*. Akasoma jibu lililokuwa chini yake, na ule moyo mwekundu.

"Mume wangu alichanika kwapa mbele ya Mungu," Bi Joha akasema. "Msikiti mzima umesikia. Akarudi akaniambia amenenepa yeye, ili nisilaumu kazi yangu wala mwalimu wangu. Haya, niambie hongera sasa."

Costancia, yule mwanamke mkavu kama gogo la mkonge, alilia. Hakujifunika uso. Machozi yanadondokea kanzu, na anajaribu kuyafuta yasiiharibu. Mimi nimemjua miaka, sikujua kama ana maji ndani.

"Mko wangapi kwenye hiyo simu yako?" Bi Joha akamuuliza alipoona ametosheka.

"Sabini na mmoja."

"Sabini na mmoja! Na unataka wote wakuone upo kila siku?"

"Ofisi inataka."

"Ofisi haijafiwa. Sikiliza mwanangu. Mume wangu hayupo. Sikumwekea mtu mlangoni aitikie hodi kwa sauti yake. Nimesema hayupo, watu wamelia, sasa wanapika. Na wewe siku ambayo hupo, sema sipo. Tutakasirika kidogo, halafu tutapika."

Naomi, yule yule wa atoke atoke, akamletea maji.

Jioni ile ile, kabla hajapanda bodaboda, alinipa simu yake nimsaidie kukitoa kile kitu cha Donati. Mimi mjinga na yeye mjinga, tulihangaika mpaka kikatoka. Akawaandikia watu wote sabini na mmoja kwamba zile hongera za wiki tatu hazikuwa zake, picha hakuziona, aliyekata kitambaa kwa kuziamini amsamehe. Kila kundi litakuwa na siku yake moja ya juma, saa tisa, na siku nyingine yeye hayupo. Ulaya, Jumatano. Dumila waliwaka moto. Bwana Jastin alimwita, alimkaripia, na kundi la Dumila akampa mwalimu mwingine. Costancia alisononeka, maana alikuwa anawapenda hata wale wachongezi. Lakini kundi la Mikumi na letu alibaki nayo, kwa sababu Ulaya ilimwandikia Bwana Jastin barua moja, na barua ile mimi ndiye niliyeiandika, kwa hiyo unaweza kuelewa ilikuwa na maneno gani.

Tulichokuwa hatujui ni kama Bi Joha mwenyewe ataendelea. Aliingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, na hakulitaja tena darasa. Kila mara tukienda kumjulia hali tunaiangalia cherehani pale pembeni imefunikwa kanga.

Jumatano ya tatu akanipigia niende. Nikakuta kanga imeondolewa. Amekata mkono wa kanzu, mdogo, wa mjukuu, amebandika na vikwapa. Nikapiga picha, nikatuma saa nne asubuhi. Saa tano kimya. Saa saba kimya. Mimi natembea huku na huku, nachungulia simu kila dakika. Bi Joha anakula mihogo yake bila wasiwasi.

"Amesema saa tisa," akaniambia. "Itakuwa saa tisa. Kaa utulie, unanitia vumbi."

Saa tisa simu ikaita, ile ya kuonana sura. Nikaiegemeza kwenye sufuria. Costancia huyo, miwani na uzi wake.

"Shikamoo, Bi Joha."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nitajuaje?"

Mwalimu akasogea mpaka pua ikajaa kioo chote.

"Kikwapa cha kushoto umekiweka kichwa chini miguu juu. Na uzi umebadilisha katikati ukidhani sitaona."

Bi Joha akanigeukia. Tangu mzee azikwe sikuwa nimeyaona meno yake.

"Ni yeye," akasema, na akavuta kiti karibu.